Jinsi ya Kuomba Kura Makambako Ukiwa Mtu wa Katikati

Njoo na sweta. Kampeni zetu huanza mwishoni mwa Agosti, na baridi ya Makambako haiulizi kama umetoka Dar es Salaam na shati la mikono mifupi. Shuka stendi alfajiri, wasaidizi wako wakiwa bado wamelala gesti, nunua chai ya tangawizi, simama pembeni, usijitambulishe kwa mtu. Sikiliza makonda. "Songea, Songea!" "Mbeya hii!" "Njombe, bado mmoja tunaondoka!" Mji wetu ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia inaachana hapa na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake hapa hapa. Kila abiria anajua aendako, kila konda anataja mji, kila basi lina kibao kiooni. Miaka yote niliyokaa hapa sijasikia konda akiita watu wapande gari linalokwenda "mahali pazuri". Gari hilo lingekuwa na viti vya sponji na dereva mpole kama mchungaji, bado lingeondoka tupu.

Nimekupeleka stendi kwanza kwa sababu wewe ndiye gari hilo, ndugu mgombea wa katikati. Wewe usiyetukana mtu jukwaani. Wewe uliyesoma ilani ya chama chako mpaka ukurasa wa mwisho, na ya wenzako pia. Unakubali kwamba serikali iliyopo imejenga barabara, unakubali vilevile kwamba wapinzani wana hoja. Nakupenda kwa hayo. Nchi inahitaji watu wa namna yako kuliko inavyohitaji wapiga kelele, na kila uchaguzi naumia kukuona ukirudi na kura zinazotosha kujaza basi moja la kwenda Ifunda. Mwongozo huu nimekuandikia kwa sababu nataka ushinde.

Anza kwa kuwaangalia waliokutangulia. Profesa Ibrahim Lipumba ana shahada ya uzamivu ya uchumi kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, na ameomba urais wa Tanzania mara tano kwa tiketi ya chama cha CUF. Mwaka 1995 alipata asilimia 6 na ushee. Mwaka 2000 akapanda hadi 16. Mwaka 2005 akashuka mpaka karibu 12, mwaka 2010 akabaki na 8 hivi, na mwaka 2020 akatangaziwa kura 72,885, ambazo hazikufika hata asilimia 1. Tazama mstari huo ulivyopanda mara moja kisha ukateremka kama barabara ya mlima Kitonga. Sababu ziko nyingi. Watu wa huku juu walikiona chama chake kuwa cha Pwani na Zanzibar, na mgogoro wa ndani ya CUF ulimla nyama na mifupa. Lakini iko moja inayokuhusu wewe moja kwa moja: mtu ukimuuliza leo hapa sokoni profesa alisema atafanya nini, atakwambia alikuwa msomi sana, alieleza uchumi vizuri. Kisha atanyamaza. Anayakumbuka maelezo, haukumbuki mji ambao gari lilikuwa linakwenda.

Sasa mweke kando ya Hashim Rungwe wa chama cha CHAUMMA, aliyesema wazi kwamba watu wake watakula ubwabwa. Taifa zima lilicheka, na taifa zima linakumbuka. Mwaka 2015 alipata kura 49,256, kwa hiyo sikushauri uje na masufuria. Nakuonyesha tu kwamba neno moja linaloliwa hukaa kichwani kuliko sura tano za ilani, na kwamba kukumbukwa peke yake hakutoshi. Unahitaji vitu viwili: neno linaloshikika, na mtu aamini kwamba unaweza kulitimiza.

Jihadhari na sifa. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nilimpenda marehemu Anna Mghwira. Mwaka 2015 alikuwa mwanamke pekee kwenye kinyang'anyiro cha urais, akipeperusha bendera ya ACT-Wazalendo, chama kilichokuja na Azimio la Tabora likitaka kuirudisha misingi ya Azimio la Arusha kwa sura mpya. Alizungumza kwa utulivu, hakumrushia mtu matope, na watu walimsifu kweli kweli. Kisha wakampigia mwingine. Alipata kura 98,763 katika uchaguzi ambao Edward Lowassa alipata zaidi ya milioni 6 na John Magufuli karibu milioni 9. Kwa nini? Mabasi mawili makubwa yalikuwa na vibao. Moja, la Lowassa, liliandikwa mabadiliko; jingine, la Magufuli, likaandikwa kazi. Lowassa alikuwa akihutubia dakika chache tu na kushuka, na uwanja mzima ukabaki ukiimba neno lile moja. Magufuli alipiga pushapu jukwaani, akaizunguka nchi kwa barabara, na hakuna aliyeondoka mkutanoni akijiuliza huyu mtu anataka nini. Mama Mghwira alikuwa na mawazo ya kutosha mabasi matatu, lakini kibao chake kilikuwa na maandishi madogo.

Majirani zetu wa Kenya walifanya vivyo hivyo miaka miwili kabla. Peter Kenneth, mbunge wa Gatanga aliyesifiwa kwa namna alivyosimamia fedha za mfuko wa jimbo, aligombea urais Machi 2013. Alipendeza kwenye mdahalo wa televisheni, na watu wa maofisini Nairobi wakamwita rais wanayemstahili. Kura zilipohesabiwa alikuwa na 72,786. Musalia Mudavadi, mpole mwingine, alijikongoja hadi asilimia 4 hivi, huku Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wakigawana karibu zote zilizobaki. Wakenya wengi waliomsifu Kenneth waliogopa kwamba kura yake ingempa ushindi yule wasiyemtaka. Mtu wa katikati hupendwa na wengi na kuchaguliwa na wachache, kwa sababu kila anayempenda anadhani ndiye peke yake. Kwa hiyo, ukifika hapa, kazi yako ya kwanza ni kuwafanya wanaokupenda waonane. Waite wakae pamoja, hata wakiwa kumi na wawili kwenye kibanda cha kahawa, kila mmoja amwone mwenzake kwa macho.

Tafuta mwenyeji. Usiingie mjini na msafara wa bodaboda waliojaziwa mafuta. Tunawajua vijana wale, wiki iliyopita walimsindikiza mwenzako na wiki ijayo watamsindikiza mwingine. Mgeni wa kweli huku huletwa na mtu. Huja na mzee anayejulikana Lyamkena, au mama wa kwaya, au mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa, na mtu huyo anasimama mbele yako na kusema: huyu namjua. Wamarekani waliliona hili mwaka 2020, wakati Wademokrati walipokuwa wakimtafuta wa kumkabili Donald Trump. Watu wa wastani walikuwa wengi wakigombea, na wengi walikwama. Michael Bloomberg alimwaga takriban dola bilioni 1 za kwake kwenye kampeni, na ushindi wake ukawa visiwa vya American Samoa tu, kule Pasifiki. Joe Biden naye alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, watu wakaanza kumwandalia matanga ya kisiasa. Kisha tarehe 26 Februari mbunge mzee wa South Carolina, James Clyburn, akasimama mbele ya watu wake akawaambia kwamba Biden anawajua na wao wanamjua. Siku tatu baadaye Biden akachukua South Carolina kwa karibu nusu ya kura zote, na safari ikageuka. Hotuba zake zilikuwa zile zile za Iowa. Kilichoongezeka ni mwenyeji.

Ukishaletwa, salimia. Sema "Kamwene", uitikiwe, kisha uendelee kwa Kiswahili. Usijaribu sentensi tatu za Kibena ulizokariri garini. Makambako ni mji wa wahamiaji, Wabena, Wakinga, Wahehe na wengine wengi, na anayejifanya mwenyeji wa wote hugunduliwa kabla hajamaliza kukohoa. Ukipewa komoni onja. Ulanzi wa mwanzi hutaupata, msimu wake ni wa mvua, na wewe umekuja kiangazi.

Sasa twende shambani, kwenye viazi, maana hapa ndipo wewe mtu wa katikati hufia, na hapa ndipo nataka ukae sana.

Omba unyanyue gunia. Usilipige picha, linyanyue. Hutaweza, na ndiyo maana nimekwambia uombe. Hilo ni lumbesa. Gunia lilikuwa la kilo 100 kisheria, lakini limeongezewa kipande juu, limeshonwa kwa kamba, limevimba kama mtu aliyefunga kilemba juu ya kilemba. Mkulima analipwa kwa gunia moja. Lumbesa imekatazwa, Wakala wa Vipimo wanajua, wakuu wa wilaya wamepiga marufuku mara nisizoweza kuhesabu, na bado malori yanapakia. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimwambia mgombea, kwa heshima zote, "Mheshimiwa, mimi nalima heka mbili, lakini nusu heka huwa naigawa bure kila msimu, wala simjui ninayempa."

Mgombea yule alikuwa mtu mzuri. Alimjibu, "Mama yangu, tutaweka mazingira rafiki kwa wadau wote katika mnyororo wa thamani." Mama akaitikia "asante", akavuta kitenge chake, akarudi kukaa. Kura yake iliondoka pale pale na hakuna aliyeisikia ikiondoka.

Najua kwa nini alijibu hivyo, na wewe unajua. Pembeni ya jukwaa alikuwepo mnunuzi wa viazi, mwenye malori mawili, mtu mwenye mchango wake kwenye kampeni. Mtu wa katikati anawaona wote wawili, na huruma yake ya kutaka asimuumize yeyote inamfanya asimsaidie yeyote. Jibu la kelele lingekuwa rahisi: mnunuzi ni mwizi, afungwe. Uwanja ungelipuka kwa vifijo, na msimu unaofuata lumbesa ingekuwa kubwa zaidi. Jibu la mnyororo wa thamani halikumfikia hata mama aliyeuliza.

Wewe una nafasi ya kutoa jibu la tatu, na hakuna anayefaa kulitoa kuliko mtu wa katikati. Chunguza kwanza gunia linavimba kwa nini. Ushuru wa mazao hutozwa kwa gunia. Nauli ya lori hupigwa kwa gunia. Mbebaji hulipwa kwa gunia. Kila anayelipa kwa gunia ana sababu ya kutaka magunia machache makubwa, na mzigo wote wa hesabu hiyo unamwangukia yule asiye na lori. Basi panda jukwaani useme hivi, mnunuzi akiwa amesimama pale pale: "Gunia ni kilo 100. Nikichaguliwa, ushuru utatozwa kwa kilo, kila kituo cha kupakia kitakuwa na mzani, na kinachozidi mia mnunuzi atakilipia. Mzee wangu mwenye malori, hili litakugharimu, nami nakwambia mbele ya watu ili usije ukasema nilikuzunguka. Lakini na wewe ushuru utaulipa kwa ulichobeba, na hutahitaji kumpa mtu chochote kwenye kizuizi cha barabarani."

Huo ndio ukatikati. Umemtazama kila mmoja usoni, umetaja namba, na kuna mtu amekasirika. Asipokasirika hata mmoja, angalia tena, huenda hukusema kitu.

Ukiulizwa kuhusu mbolea, jibu kwa tarehe. Oktoba ndipo mkulima anahesabu mifuko, maana mvua za kupandia zinakaribia. Ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 ilipunguza bei ya mfuko wa kilo 50 kwa kiasi ambacho kila mtu alikihisi mfukoni, na wakulima wanaitaka iendelee, lakini swali lao kubwa ni lini mfuko utafika kijijini na nani atakuwa na mashine ya kusoma namba yao ya usajili. Ukiulizwa kuhusu mahindi, jibu kwa bei na siku za malipo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana kanda yake hapa Makambako, foleni ya malori unaiona mwenyewe. Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma kule Ludewa viache, isipokuwa uje na jambo jipya. Tumevisikia majukwaani kwa miongo, na watoto waliovisikia kwanza sasa wana wajukuu.

Utasema uwanja umeinama, ufundi wa hotuba utasaidia nini? Swali hilo ni halali, na sitalikwepa. Bernard Membe alikuwa waziri wa mambo ya nje miaka minane, akafukuzwa chama tawala, CCM, Februari 2020, akahamia ACT-Wazalendo, akatangaziwa kura 81,129, huku viongozi wa chama chake mwenyewe wakiwaelekeza watu kwa Tundu Lissu wa Chadema. Wapinzani walisema mawakala wao walizuiwa vituoni mwaka ule. Mwaka 2025 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Chadema haikuwemo kwenye karatasi ya kura, Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, Luhaga Mpina wa ACT aliondolewa, na waliotoka Chadema kwenda CHAUMMA wakiamini ni bora kushiriki kuliko kususa waliitwa wasaliti na wenzao wa jana. Mgombea wao Salum Mwalimu alitangazwa wa pili, kwa kura ambazo hazikufika asilimia 1. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaziwa asilimia 97.66. Tarehe 29 Oktoba na siku zilizofuata damu ya Watanzania ilimwagika na intaneti ilizimwa. Siwezi kuliandikia hilo maelekezo ya namna ya kusalimia.

Ila nakuomba, hapo usiwe wa katikati. Waliokufa wana mama zao, na mama zao ni wapiga kura wa mtu fulani. Mtu mpole akisema kwa sauti ya chini kwamba hili halikubaliki, husikika mbali kuliko apigaye kelele kila siku. Upole ni mtaji, na mtaji usiotumika huliwa na panya.

Jenerali Mugisha Muntu wa Uganda analijua hili, naamini. Alikuwa mkuu wa jeshi tangu 1989 hadi 1998, akajiunga na upinzani, akaongoza chama cha FDC, akasifiwa na marafiki na mahasimu kwa uadilifu. Alihubiri kujenga taasisi, mashina, polepole, tofali juu ya tofali. Mwaka 2017 wanachama wake wakamwondoa, wakimtaka mtu wa moto zaidi, na mwaka 2021, kwa chama chake kipya, akapata kura 67,574. Watu waliokuwa wakipigwa mabomu ya machozi walitaka kujua kama naye anasikia macho yakiwasha. Nina hakika alisikia. Kijana wa bodaboda kule Kampala hakuwa na namna ya kujua.

Kwa hiyo chagua hasira moja. Moja tu inakutosha, yako ya kweli, ambayo mkeo au mumeo anaijua kwa sababu huwa unairudia mezani. Ya kwangu ni lumbesa, umeshaiona. Ya kwako inaweza kuwa zahanati isiyo na mkunga, au kijana anayekaa rumande miezi bila kesi yake kusomwa. Ifanye iwe kibao chako. Mengine yote uyaseme kwa upole wako wa kawaida.

Usihutubie zaidi ya dakika ishirini. Upepo wa hapa unachukua maneno, na akina mama wana watoto mgongoni.

Na ukishindwa, rudi. Nalisisitiza hili kuliko yote kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya mbele ya macho yangu. Rudi Januari, bila spika na bila fulana. Matope yatakuwa hadi kwenye vifundo vya miguu, ulanzi utakuwa umeanza kugemwa, mahindi yatakuwa yamefika magotini. Mtafute yule mama wa heka mbili, muulize mbolea ilifika lini, uiandike tarehe kwenye daftari akikuona. Viazi vya mvua vikianza kuchimbwa, uwepo tena, siku lori la kwanza litakapoingia. Uje na mzani wako.